Saa Tatu na Dakika Tano Usiku

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, jirani yetu mmoja alikuja kukaa barazani na mamangu, akasubiri mpaka wazee walipoingia ndani, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini swali ambalo alikuwa amelibeba siku nyingi. Mumewe amekubali kuacha pombe. Hataki kulazwa, kwa sababu akilazwa watajua kazini na watajua mtaani, na amepata habari ya tiba inayofanywa kupitia simu, jioni tatu kwa wiki, mgonjwa akiwa kwake nyumbani. "Kaka, wewe ulipitia hiyo," aliniambia. "Nimkubalie?"

Sikuweza kumjibu kwa neno moja, na nilimwambia hivyo. Nimelifikiria swali lake tangu siku ile, nikaona kwamba wako wengi hapa Mombasa wanaolibeba kimya kimya, wake kwa waume, na kwamba jibu langu litakuwa na faida zaidi likiandikwa kwa utulivu kuliko likinong'onwa barazani. Mimi si daktari. Ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, niliyekunywa kwa siri miaka kumi na mmoja, na sasa nimo katika mwaka wa nne bila kuonja. Sehemu kubwa ya tiba yangu niliipata kupitia skrini ya simu.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, kwa kuwa jina lake hutumiwa ovyo. Tiba hiyo ya jioni tatu huitwa tiba ya kina bila kulazwa, nayo si kupigiwa simu na mshauri mara moja kwa wiki ukaulizwa hali. Chama cha madaktari wa uraibu cha Marekani, ambacho vigezo vyake hutumiwa hata nje ya nchi hiyo, huihesabu kuwa ya kina pale mtu mzima anapopata huduma za saa 9 hadi 19 kwa wiki. Zikifika saa 20 na kuendelea, hiyo ni daraja nyingine, ya mgonjwa anayeshinda kituoni mchana na kurudi kulala kwake. Ndani ya saa hizo mna vikao vya kundi, mazungumzo ya mtu na mshauri wake wawili peke yao, mafunzo ya kuitambua tamaa ingali changa, vikao na jamaa, ufuatiliaji wa dawa, na vipimo vya mkojo au pumzi. Namna ya mtandaoni ilikuwepo tangu hapo, lakini ilienea mwaka 2020 wakati wa korona, vituo vilipolazimika kufunga milango. Sisi tunaukumbuka mwezi wa Mei mwaka ule, Mji wa Kale ulipofungwa, watu wakawa hawaingii wala hawatoki. Kilichoanza kama dharura kimebaki kuwa njia. Kwa hiyo mtu akikuuzia "tiba ya kina" na ukihesabu ukakuta ni saa mbili kwa wiki, anakuuzia kitu kingine, ambacho huenda kikawa kizuri, lakini si hiki.

Kabla ya kuulizana habari ya simu na bando, uulizwe mwili. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono humtetemeka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani, hafai kuachia pombe nyumbani mbele ya skrini. Degedege la kuacha pombe huweza kuja kati ya saa 6 na saa 48 baada ya tone la mwisho, na baina ya siku ya pili na ya nne huweza kufuata hali mbaya zaidi, ya kuweweseka na kuona visivyokuwapo huku joto la mwili na mapigo ya moyo yakipanda, hali ambayo ikikosa matibabu huua. Ni vivyo hivyo kwa waliozoea vidonge vya kutuliza, vile ambavyo vijana huviita bugizi: navyo haviachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo chini ya jicho la daktari. Mimi nililazwa siku sita kabla ya kikao changu cha kwanza cha mtandaoni. Nilipewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kipimo kilichopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo huulinda ubongo wa mnywaji, na usiku wa pili muuguzi alikuwa akija mara kwa mara, ananishika kiganja, ananiambia ninyooshe vidole, kisha anavitazama vinavyotetemeka chini ya mwanga wa tochi yake. Hakuna kamera ya simu inayoweza kufanya kazi ya mkono ule.

Kwa mtumiaji wa unga habari ni nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kosa likifanyika kwa nia njema. Mtoto wa ami yangu, ambaye alikuwa ametumia heroini tangu tukiwa vijana, alipoona nimepata nafuu alikuja kwangu akataka tuketi pamoja mbele ya simu ile ile. Nilifurahi, nikamtandikia godoro. Alikuwa ametumia mara ya mwisho asubuhi ya siku hiyo. Kesho yake arosto, yaani ugonjwa wa kukosa unga, ilikuwa imemshika sawasawa: anapiga miayo, machozi na makamasi yanamtoka, miguu haitulii, tumbo linamharisha, na jasho limelowesha shuka mpaka godoro. Kikao kilipoanza jioni, mshauri alimwona kwenye skrini akasema mara moja, bila kuzungukazunguka, kwamba huyu anahitaji kliniki, hahitaji mazungumzo. Alikuwa sahihi, lakini binamu yangu aliyasikia maneno yale kama kufukuzwa, akaondoka alfajiri bila kuaga.

Yale ambayo sikuyajua siku ile nayaandika hapa ili mwingine asiyakose. Arosto ya heroini kwa kawaida huanza ndani ya saa 8 hadi 24, hufika kilele katika siku mbili tatu za mwanzo, na ni nadra kuua yenyewe. Kinachoua zaidi ni kurudi. Mwili uliokaa bila unga hupoteza uzoefu wake, na mtu akirudia kipimo alichokuwa akikimudu zamani, pumzi husimama. Ndiyo maana kwa uraibu wa heroini maneno peke yake hayatoshi, na dawa kama methadoni, inayoshika nafasi ya heroini mwilini na kuzuia arosto, huwa ndiyo nguzo ya tiba. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014 jijini Nairobi, ikafuata Malindi, na hapa kwetu iko kliniki Kisauni. Mgonjwa huenda kila asubuhi, hupimiwa dawa ya maji katika kikombe kidogo, naye huinywa mbele ya mhudumu. Hiyo haiwezi kupitishwa kwenye intaneti. Binamu yangu alifika huko miezi mitano baadaye, akipelekwa na vijana wa shirika moja wanaowatembelea watumiaji maskanini, na leo anafanya kazi ya useremala. Vikundi vya mazungumzo alijiunga navyo mwili ulipokuwa umetulia, na wakati huo vilimfaa sana. Tiba ya mtandaoni haikuwa mbaya kwake. Mimi ndiye niliyempeleka kabla ya wakati wake.

Sasa nije kwenye nyumba, kwa sababu nyumba ndiyo iliyotaka kuniangusha.

Nyumba yetu iko Majengo, ni ya zamani, vyumba huku na huku na ujia katikati, na kuta ni nyembamba kiasi kwamba mamangu akipiga chafya sote humwombea rehema. Sikuweza kuyataja ninayoyataja kundini huku mamangu yuko upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo nilipanda darini, juu ya paa la saruji lililomiminwa upande wa nyuma, nikaweka kiti karibu na tangi la maji, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuvaa visikizi. Vikao vilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, na waliotuongoza walikuwa Nairobi. Walikubali tupumzike kidogo wakati wa Magharibi, nami nikiswali pale pale juu, mkeka ukiwa umekaushwa na jua la mchana. Nilijiona nimepata kila kitu: utulivu, upepo wa bahari, na siri yangu.

Lakini nyuma ya tangi lile ndipo nilipokuwa nikificha chupa miaka yote ile.

Katika wiki ya tatu tulizungumza habari ya misiba. Nilimtaja marehemu babangu, nikasema mbele ya watu saba nisiowahi kushikana nao mikono kwamba siku ya maziko yake nilikuwa nimelewa, na kwamba waliobeba jeneza walininusa. Nililia, na kundi lilinisikiliza kwa heshima ambayo sijaisahau. Saa tatu kamili mshauri alitushukuru, akatutakia usiku mwema, nyuso zikatoweka moja baada ya nyingine, na skrini ikawa nyeusi. Nilibaki juu ya paa peke yangu, kifua kimepasuliwa na hakuna aliyekishona. Nikanyoosha mkono nyuma ya tangi. Kulikuwa na chupa ya robo niliyoisahau, imechakaa lebo kwa mvua. Nilikunywa.

Jumatano niliwaambia. Sikutaka, lakini niliona kwamba nikiificha ile basi nimeshahamishia kundini tabia yangu ya nyumbani. Mshauri hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Saa tatu na dakika tano, ulikuwa na nani?"

Tangu siku hiyo sijapata kipimo kizuri kuliko hicho. Anayelazwa, kikao kinapokwisha, hutoka kwenye kiti akakuta wenzake ukumbini, akanywa uji, akapigwa zogo, akalala mahali pasipo na chupa. Anayehudhuria kituoni ana njia ya kurudi nyumbani, matatu, kelele za makanga, muda wa moyo kushuka. Sisi wa mtandaoni hatuna njia hiyo: tunafunguliwa vidonda na kuachwa navyo, kwa kidole kimoja juu ya skrini, katika chumba kile kile tulichougulia. Kwa hiyo swali la kama tiba hii inakufaa ni swali la nani na nini kitakachokuwa pamoja nawe skrini ikishazimika, kuliko lilivyo swali la ubora wa programu.

Kwangu ilipatikana dawa yake. Shemeji yangu alipanda darini na gunia akatoa kila chupa, zilizojaa na tupu, bila kunitazama usoni, jambo ambalo namshukuru kwalo mpaka leo. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye pekee niliyekuwa nimemwambia ukweli wote, alianza kupanda saa tatu kila siku ya kikao na birika la kahawa ya tangawizi. Hakuuliza tulisema nini. Alikaa. Wakati mwingine alikuja na kisamvu chake cha kesho akawa anakichambua, wakati mwingine tulitazama tu taa za meli zinazosubiri kuingia Kilindini. Baada ya nusu saa hivi tulishuka pamoja. Kama nisingekuwa na dada huyu, au kama angekuwa akiishi ng'ambo ya Likoni, naamini kwamba tiba ile ile, yenye washauri wale wale, ingenishinda.

Nyumba nyingine haziwezi kurekebishwa kwa gunia na birika la kahawa. Ikiwa unaishi na mtu anayekunywa au anayetumia mbele yako kila siku, au unaishi na anayekupiga, huwezi kusema kweli kundini huku yeye yuko mlangoni, na kukaa hapo ni kujiumiza mara mbili. Hapo tafuta kwanza mahali pa kulala palipo salama. Na mwenye fikra za kujidhuru, au anayesikia sauti, asianzie kwenye simu. Aanzie kwa daktari wa akili, ana kwa ana, siku hiyo hiyo.

Lazima niseme neno juu ya sitara, kwa sababu ndiyo hoja ya mume wa jirani yetu na ilikuwa hoja yangu pia. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kusitiriana, na sioni haya kusema kwamba isingekuwa ile njia ya kujitibu bila kuonekana nikiingia kwenye lango la kituo, huenda ningechelewa miaka mingine mitano. Kwa wanawake hoja hii ina uzito zaidi: nafasi zao katika vituo ni chache, na maneno yanayowafuata ni makali kuliko yanayotufuata sisi. Mama anayenyonyesha, mtu wa Lunga Lunga ambaye nauli ya kuja mjini mara tatu kwa wiki ingemmaliza, kijana mwenye ulemavu anayeshindwa kupanda matatu, aliyetoka kulazwa miezi mitatu na sasa anarudi kazini akihitaji kushikwa mkono: hawa wote naona wanafaidika, na ningewashauri bila kusita ikiwa mwili na nyumba vimekubali.

Ila sitara ile ile ndiyo iliyoniwezesha kunywa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nikivuka daraja la Mtwapa ili ninywe mahali nisipojulikana, na nilikuwa na karafuu mfukoni za kutafuna nikirudi. Anayeficha kwa ustadi huo ataweza kuficha na mbele ya kamera, kwa kuwa kamera haina pua. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema ameichagua tiba ya simu ili asijulikane na mtu yeyote, yeyote kabisa, namwogopea. Angalau mtu mmoja wa nyumba yake ajue, na ajue yote.

Kuhusu saa, sitachukua muda. Programu ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya ng'ambo, na kundi lake la jioni lilikutana saa kumi na mbili jioni kwa saa za New York, yaani saa saba usiku kwetu, na saa zao zikibadilishwa wakati wa baridi inakuwa saa nane. Nilihudhuria mara mbili, nikaenda kazini kama mzuka, nikaacha. Hesabu pia bando: kikao cha video huweza kula karibu gigabaiti moja kwa saa, na kwa saa tisa za wiki hiyo ni pesa ambayo inafaa ijulikane kabla ya kuanza, si katikati. Umeme ukikatika, ujue utafanya nini. Na Ramadhani ikiwa inakaribia, uliza mapema habari ya futari na tarawehe.

Yanayofaa kuulizwa wenye programu ni haya, na ningependa mtu ayaulize kwa sauti ya mnunuzi, si ya mwenye aibu. Je, washauri wao wamesajiliwa, kwa kuwa hapa Kenya sheria ya washauri na wanasaikolojia ipo tangu 2014? Kama ni kituo cha hapa nchini, je, kina kibali cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya? Ukiwa na shaka, simu ya NACADA ni 1192, haitozwi, na utapata mtu wa kukuelekeza. Watakupima vipi ukiwa mbali, na majibu yataonwa na nani? Je, vikao hurekodiwa, kwa idhini ya nani, ikizingatiwa kwamba habari za afya zinalindwa na sheria ya data ya 2019? Na lile ambalo mimi hulipa uzito kuliko yote: nikikosa kikao Jumatatu na simu yangu ikazimwa, nani atanitafuta, na atampigia nani Mombasa? Programu iliyonisaidia ilichukua namba ya dada yangu na jina la hospitali iliyo karibu nasi kabla hata ya kuniuliza nakunywa kiasi gani. Ile ya ng'ambo ilichukua namba ya kadi ya benki.

Uamuzi wenyewe haufungwi siku moja. Anza, na baada ya wiki mbili au tatu keti na mshauri wako mpime: unahudhuria, unasema kweli, vipimo vinasemaje, saa tatu na dakika tano uko na nani? Ukiona hapatoshi, panda daraja, ulazwe. Wako waliolazwa kwanza na wako waliolazwa baadaye, na sijaona aliyepungukiwa utu kwa sababu hiyo.

Jirani yetu alinisikiliza haya yote mara ya pili alipokuja, safari hii pamoja na mumewe, ambaye mikono yake niliitazama wakati akipokea kikombe. Kahawa ilimwagika. Sikusema kitu mbele ya mkewe. Nilimshika bega tukatembea mpaka pembeni mwa barabara, nikamweleza habari ya siku zangu sita na ya muuguzi mwenye tochi. Alhamisi iliyopita alilazwa. Kazini wameambiwa ana presha, na kweli anayo. Akitoka ataanza vikao vya jioni, chumbani kwake, na mkewe ameshalitoa kabati lililokuwa likifungwa kwa kufuli. Nyumba yao na yetu haziachani hatua ishirini, kwa hiyo tumepatana kwamba siku za kikao, saa tatu ikigonga, atavaa kandambili aje barazani kwetu. Dada yangu amesema birika lile lile litatosha watatu.